Mwaka Baba Alipokonda

Jumapili, jioni. Mvua inanyesha tangu mchana hapa Kisumu, na stima imepotea mara mbili. Sina la maana la kufanya ila kukaa na kukumbuka.

Asubuhi redioni kulikuwa na daktari. Alikuwa akieleza jinsi watu wazima wengi wa nchi hii wanavyotembea na mafuta mengi kwenye damu bila kujua, kwa sababu hayaumi wala hayaonekani. Alisema "kolesteroli" kwa wepesi, kama mtu anayetaja chumvi. Nikacheka peke yangu jikoni. Siku neno hilo lilipoingia nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, dada yangu Akinyi alidhani ni jina la mwanamke.

Halafu nikalia kidogo.

Miaka ya themanini Baba alikuwa na hoteli ya nyama pale Otonglo, kando ya barabara ya Busia. Kibanda cha mabati, mabenchi, sufuria kubwa ya supu. Baba alikuwa mnene. Shingo yake ilikuwa na mikunjo, na kitambi chake kiliingia mlangoni kabla yake. Nasi tulijivunia! Kitambi cha mwenye hoteli kilikuwa tangazo la hoteli. Wanawake wa sokoni walimwambia Mama, "Unamtunza Mzee vizuri," naye akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Kwetu supu haikuwa supu mpaka mafuta yaelee juu, manjano, yakipasuka ukipuliza. Bado naisikia harufu ile.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Baba akaanza kushika kifua. Akipanda kutoka mtoni alikuwa anasimama njiani, anajifanya anatazama mashamba ya watu. Mama hakudanganyika. Alimpeleka hospitali mjini mwenyewe, akapimwa damu.

Walirudi jioni. Mama akaketi bila hata kuvua kitambaa cha kichwa.

"Daktari amesema nini?" Akinyi akauliza.

"Amesema niache nyama," Baba akajibu.

"Nyama gani?"

"Ile tamu."

Daktari alikuwa amemwambia kwamba zamani madaktari wenyewe walidhani huu ni ugonjwa wa matajiri wa mbali, lakini sasa walikuwa wanauona kwa watu wetu pia, wafanyabiashara, walimu, watu wa kawaida. Kwamba mafuta yalikuwa yameziba njia za damu yake. Apunguze uzito, atembee, au moyo utasimama.

Baba alikuwa mtu wa kutii akishaogopa. Akala omena, dagaa wa ziwani, za kuchemsha, mboga za osuga, ugali kidogo. Ndani ya miezi michache mashati yakaanza kumning'inia. Mkanda ukatobolewa matundu mapya. Mashavu yakaingia ndani.

Na hapo ndipo shida ilipoanza.

Anayekumbuka Kisumu ya miaka ile ataelewa. Tulikuwa tunazika kila Jumamosi. Watu wenye nguvu walikonda, wakalala, wakaondoka, na hakuna aliyetaja Ukimwi kwa jina. Walisema chira, ule mkosi wa kukonda unaompata mtu aliyevunja mwiko. Kwa hiyo mwanamume aliyeanza kupungua hakuulizwa kitu. Alitazamwa tu.

Wateja walipungua kimya kimya. Rafiki zake wa kanisani wakaacha kunywa kwenye vikombe vyetu. Siku moja nilimsikia mama mmoja sokoni akisema, "Maskini watoto wale," nikageuka nione anawahurumia watoto gani. Alikuwa ananitazama mimi.

Mbaya zaidi, Akinyi alikuwa ameposwa. Kijana alitoka Ahero, watu wa mpunga, na wazee wake walikuwa wamepanga kuja kuzungumza habari za ng'ombe. Tukasikia kwamba wanasitasita. Walikuwa wameambiwa baba ya msichana anakwisha.

Jioni ile Baba alisukuma sahani ya mboga kando. Akamwambia Mama amletee supu, supu yenyewe, yenye mafuta. Alisema atakula mpaka mwili urudi, mtoto wake aolewe, mengine yatajulikana baadaye.

Mama alisimama katikati ya nyumba mikono kiunoni. Sijawahi kumwona hivyo.

"Baba Akinyi, wacha waseme. Mimi nataka mume, sitaki kitambi."

Kesho yake asubuhi, watu wakiwa wamejaa barabarani, Mama alimshika Baba mkono wakatoka. Mkono! Siku zile mke alitembea nyuma ya mumewe, au mbele na mzigo kichwani. Hawakuwa wakitembea sambamba kama wanafunzi. Waliipita hoteli, wakapita wauza samaki, wakaelekea ziwani. Kila asubuhi. Watu walitazama, wengine wakacheka. Mama alisalimia kila mmoja kwa jina, kwa sauti, mpaka wakalazimika kuitika.

Nilikuwa msichana mkubwa na niliona haya. Leo natamani ningewafuata nyuma, niwatazame tu.

Wazee wa Ahero walikuja hatimaye. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Odero, baba ya kijana, mtu mnene kama Baba wa zamani, anayehema kwa kukaa tu. Chakula kikaletwa. Aliona Baba anachukua samaki wa kuchemsha na kuipisha nyama. Akaweka tonge chini.

"Bwana, tusizungukane," akasema. "Tumesikia wewe ni mgonjwa."

Akinyi alikuwa jikoni pamoja nami, kucha zake zikiwa zimeingia kwenye mkono wangu.

"Ni kweli," Baba akajibu. "Damu yangu imejaa mafuta. Moyo ulikuwa unataka kusimama, nimekataa."

"Mafuta? Kwenye damu?"

"Kwenye damu. Nilikuwa nikipanda mlima kidogo, hapa panabana, mkono huu unakufa ganzi."

Mzee Odero aliutazama mkono wake wa kushoto, akaukunja na kuukunjua. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila ule ukali wa mwanzo, "Ganzi ya namna gani?"

Walizungumza habari hizo muda mrefu kuliko walivyozungumza ng'ombe. Juma lililofuata alirudi peke yake, bila wazee, akamwomba Baba ampeleke kwa daktari yule. Wakaenda pamoja. Akinyi akaolewa mwaka huohuo.

Wateja wengine hawakurudi kamwe. Lakini Baba aliishi. Aliwabeba watoto wa Akinyi, akawafundisha kuchambua samaki mifupa. Malaria ndiyo iliyomchukua, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Krismasi yake ya mwisho tulichinja mbuzi. Mama aliweka mbele yake ubavu mmoja wenye mafuta, akachukua ndoo na kwenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji. Baba aliutazama ubavu ule. Akatukatia sisi na wajukuu, akabakiza kipande cha ukubwa wa kucha. Akakiweka mdomoni, akafumba macho. Hakutafuna. Alikaa nacho hivyo hivyo mpaka Mama akarudi.

"Umenipa mfupa mtupu," akamlalamikia.

"Pole, Baba Akinyi," Mama akasema, midomo yake ikiwa inang'aa mafuta aliyoyaonja alipokuwa akipika.

Wakatazamana, wakacheka mpaka Baba akajifuta machozi.