Ndagala juu ya paneli

"Nchi maskini zikisaidiana, zinabadilishana giza tu." Ulinitupia maneno hayo mezani, mdogo wangu Amisi. Sasa pokea salamu na jibu kutoka huku Baraka, mji wetu wa ziwani.

Juzi frigo ya umeme wa jua ya kituo cha afya ilizimika, chanjo za watoto zikabaki kwenye kisanduku cha barafu inayoyeyuka. Leo amefika fundi, mama wa Kigoma, nchi ya ng'ambo ya ziwa, aliyesomea ufundi India. Hakugusa frigo. Alizunguka nyuma ya kituo akakuta paneli zimefunikwa na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walioanikwa wakauke.

"Chini kuko matope," alijitetea Mama Riziki, mwenye samaki. "Mi niliona hii meza iko na moto muzuri!"

Fundi alicheka. "Hata sisi Kigoma tulianika hapohapo, dada. Na mwalimu wangu kule India alikuta pilipili zimeanikwa!"

Waliosha paneli pamoja. Frigo iliponguruma, muuguzi aliketi chini akamshukuru Mungu. Chanjo zimepona, na ndagala tumewala kwa bukari, ugali wetu.

Nakukumbatia, mkaidi wangu. Lakini wewe na wenzako wa kamati ya nishati huko Bukavu, mnaoikalia tu ile barua ya kumruhusu fundi huyu abaki hapa kazini: itieni saini kesho.