Mwamba wa Tope Niliokataa Kuuita Mchanga

Ijumaa, Kendu Bay. Mvua imenyesha tangu alfajiri na nguo za jana bado zinatona maji kwenye kamba. Mimi nina furaha tele, acha niiandike.

Wiki tatu zilizopita, kwenye ghala la sampuli ninakofanya kazi, niliwekewa mezani vipande vya mwamba kutoka kisima kilichochimbwa baharini, mbali na pwani yetu. Fomu ya zamani ilisema ni mwamba wa mchanga laini, wa Jurasi, enzi ya dinosaria. Nilitakiwa kunakili tu, kisha nitie sahihi.

Nilikaribia kutia. Nakiri.

Mimi ndiye mgeni pale, na fomu ile aliijaza mkuu wangu, Bwana Mutua, enzi za ujana wake. Lakini nilimega kipande nikakitafuna kwa meno ya mbele, tulivyofundishwa chuoni. Mchanga hukwaruza. Mwamba huu ulikuwa laini kama siagi: tope lililogeuka jiwe. Nikaandika nilichokiona: kijivu kilichokolea, matabaka membamba kama kurasa, mabaki ya majani yaliyogeuka makaa. Kisha nikaomba chavua iliyomo ipimwe, ili tujue umri.

"Unaniambia nilikosea?" Bwana Mutua aliuliza.

"Nasema hili ni tope, mzee. Umri wake bado siujui."

Alichukua ombi langu akalitia sahihi.

Leo amenipigia simu nikiwa namenya viazi.

"Chavua ni ya Permi," akasema. "Kabla hata ya dinosaria! Maelezo yako ndiyo yanaingia kwenye ripoti, na jina lako. Yangu nimeyafuta mwenyewe."

Nilipobandika viazi motoni, Mama, anayefinyanga vyungu tangu sijazaliwa, akataka kujua nimefanya nini hasa. Nikamwambia nimetafuna jiwe.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu, "kwani mimi udongo wenye mchanga naujuaje?" Akanionyesha meno yake, tukacheka mpaka viazi vikaungua.

Miaka yote hiyo nimemwona akiuonja udongo, na sikuwahi kumwambia mtu chuoni. Niliona haya.

Najiuliza: Bwana Mutua angenifokea siku ile, ningesimama imara? Sijui. Ninachojua ni kwamba Jumatatu, jina langu likichapwa kwenye ripoti, nitaomba waandike lote, pamoja na la mama.