Kiti Changu Kakalia Philippa

Hilary, shosti, nina hasira! Nimesimama kituo cha mafuta nakuandikia.

Si leo nimewaendesha Rob na wakwe kwenda kuona zile ndege za kale zikiruka? Mimi naegesha gari, mama mkwe kakimbilia kwenye uzio wa uwanja wa ndege kupanga viti vyetu vinne. Na unajua pale kiti kikishawekwa ni kama kaburi, hakihamishwi.

Nafika. Changu kakalia Philippa. PHILIPPA! Mke wa zamani wa Rob! Kaja na basi, kaalikwa!

Nikauliza, "Mama, mimi nakaa wapi?"

"Kaa huko nyuma ulinde mizigo. Ndege wewe zinakuhusu nini?"

Nilinde mizigo! Na Philippa anakunywa chai niliyopika mimi!

Namtazama Rob. Mume wangu huyo. Ananinong'oneza, "Usituaibishe, watu wanaangalia."

Usituaibishe!

Basi Spitfire, ile ndege ya vita ya zamani, ikapita, wote macho juu. Nikabeba kikapu cha chakula, nikawasha gari, huyooo nikaondoka.

Rob kapiga sasa hivi: "Tutarudije nyumbani?"

Nimemwambia, "Ombeni lifti kwenye hiyo Spitfire. Ina kiti kimoja tu, mama yako atapanga nani akae."