Hapokei Simu

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, ila ya kazi mpya yamenifika shingoni. Nilidhani kuratibu huduma za watu wenye ulemavu ni kuwaunganisha na wasaidizi wao, basi. Kumbe ni kubishana na bosi kutwa.

Kuna fundi cherehani mmoja, kiziwi kama wewe, aliomba mkalimani wa lugha ya alama wa kwenda naye kliniki. Bosi akamfuta kwenye orodha. "Hana ushirikiano huyo. Tunampigia, hapokei simu."

Nikamwambia, "Bosi, ni kiziwi."

Akanikazia macho. "Najua. Si ndiyo maana tukampigia mara nyingi?"

Dada, nikaenda mwenyewe kwa yule fundi, nikamweleza kwa ishara zile ulizonifundisha. Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni, kisha akanionyesha kadi yake. Siku yake ya kliniki ilikuwa imeshapita. Nimempatia nyingine na nitakwenda naye mimi, bosi apende asipende.

Huku nyumbani paka amezalia kwenye kabati lako. Mama hajambo. Jana nilipomsimulia mkasa huu alikasirika kunishinda, akasema bosi wangu hana akili hata ya kuazima. Halafu akanipa salamu zako: "Mwambie dada yako, tangu ule ugonjwa umharibu masikio ametutupa. Hata simu moja!"

Nimeziandika kama zilivyo. Mjibu wewe. Mimi maneno yameniishia kazini.

Mdogo wako, mbishi kama ulivyoniacha.