Kumfuta Mzee Okelo

Ijumaa, mwezi wa Julai. Baridi ya Kawangware, ile inayoingia hadi ndani ya soksi. Manyunyu tangu asubuhi.

Habari ziwafikie jamaa na marafiki popote walipo, kuanzia hapa kituo cha matatu cha 46 hadi Riruta na vitongoji vyake: ule mfuko wa nailoni uliokuwa ukifunika kompyuta yangu sasa ni mjane. Kompyuta yenyewe imeondoka leo kwa mkokoteni kuelekea Lindi, kule Kibera. Mipango ya kuufua mfuko inafanyika nyumbani kwangu, nyuma ya kinyozi.

Nimechoka. Si uchovu wa kubeba, maana sikubeba kitu. Ni uchovu wa kufuta.

Miaka yote hii nimekuwa nikitaipia watu katika chumba hiki hiki ninacholala. Barua za kuomba kazi, kadi za harambee, malalamiko kwa landilodi. Lakini kazi iliyonilisha hasa ni programu za mazishi. Watu wa huku wanaweza kuoana bila karatasi hata moja, ila kuzikwa bila karatasi hawakubali. Lazima kuwe na picha juu, nyimbo chini, na katikati historia ya marehemu, hata kama marehemu mwenyewe hakuwahi kuwa na historia ya kujaza nusu ukurasa.

Kompyuta sikufundishwa. Nilijifunza kwa kitabu kilichopotea sura ya kwanza, kwa hiyo nilijua mambo magumu kabla ya kujua pa kuiwashia.

Sasa macho yameanza kuniletea kila herufi na pacha wake. Riruta wamefungua ofisi yenye printa zisizopiga kelele, na yangu hulia kama mbuzi aliyefungwa mvuani. Nikaona niuze mashine ikiwa bado inaheshimika.

Mnunuzi akaja Jumatatu: Mzee Okelo, mwenye kioski cha chai na mandazi Lindi. Mtu mrefu, mguu mmoja mzito tangu augue, viatu vinang'aa hata wakati wa matope. Binti yake Akinyi amemaliza kozi ya uhazili na amekaa nyumbani anahesabu mabati. Mzee akaizunguka kompyuta kama anayenunua ng'ombe, hakugusa kitu, halafu akatoa sharti moja tu.

"Yale maneno ya matanga yabaki ndani, nyathina," akasema. Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo. "Nimeyasikia makaburini mara nyingi. Bila hayo maneno hii ni televisheni mbovu."

Nikasema hakuna shida, jaduong', yaani mzee. Alipokwisha kutoka, nikakaa chini.

Kwa sababu yale maneno ni yake.

Wacha nieleze, ingawa naieleza karatasi tu. Miaka kadhaa iliyopita Mzee Okelo alilazwa, na daktari akaiambia familia ijiandae. Kamati ya mazishi ikakaa kabla ya msiba kufika, maana watu wa kutoka nyumbani walitaka kujua basi litakodiwa lini. Mkewe, ambaye sisi sote humwita Nyar Alego, binti wa Alego, kwa kuwa ndiko alikozaliwa, alikuja hapa kwangu na kanga imelowa, akasema, andika. Nikaandika. Hakulia. Aliongea taratibu kama mtu anayeagiza unga, na nilipofika mwisho mimi ndiye niliyehitaji leso.

Tarehe tukaiacha wazi. Shemeji yake akaichukua karatasi akasema ataitoa nakala.

Halafu Mzee Okelo akakataa kufa. Akaamka siku moja akaomba uji, na baada ya hapo akaomba viatu.

Ile faili ikabaki kwenye mashine, safi, tarehe wazi, kila kitu mahali pake. Msiba uliofuata nilikuwa na homa na wenye msiba walikuwa na haraka. Nikaifungua faili ya Mzee Okelo, nikabadilisha jina, nikabadilisha kijiji, nikaongeza watoto wawili. Watu wakasifu sana. Na msiba uliofuata hivyo hivyo. Kwa kifupi, tangu mwaka ule kila aliyekufa pande hizi amezikwa na sifa za mtu aliye hai anayeuza mandazi.

Kuna sentensi moja ambayo Nyar Alego aliisema na nikaiandika kama ilivyotoka: "Akikasirika alinyamaza, akifurahi alinyamaza, na aliyeishi naye alijua tofauti." Tumemzika nayo mhubiri wa kipaza sauti. Tumemzika nayo makanga wa matatu aliyekuwa akisikika hadi Dagoretti. Waombolezaji waliitikia kwa vichwa, wakafuta machozi, na hakuna aliyeuliza ni lini huyu alinyamaza.

Jumanne Nyar Alego mwenyewe akafika, ananukia samaki wa sokoni, ndoo ya omena bado kichwani. Alikuwa amesikia mume wake ananunua nini. Hakusalimia.

"Dada, ile kitu bado iko?"

Nikamwambia iko.

"Itoe."

Nikamweleza habari ya sharti. Akatua ndoo akakaa juu ya kitanda changu, na kwa mara ya kwanza nikaona kumbe ni mwanamke mdogo kwa umbo.

"Alikuwa anapumua," akasema. "Mimi nimemshika mkono asubuhi, jioni nakuja hapa nasema marehemu. Akiisoma atasema nilikuwa nangoja. Na ule mguu, atasema ndio maana haujapona, mke wake alimwita kwa wafu akiwa bado yuko. Sisi tutakaa aje kwa nyumba moja?"

Nikasema nitaitoa, na yeye akabeba ndoo yake akaondoka bila kunisisitizia. Hilo ndilo lililonifunga.

Sasa, mtu asiyejua hufikiri kufuta ni kufuta. Unabonyeza, jina linatoweka, unaenda kulala. Uongo. Mashine haifuti. Mashine hufanya kama wale vijana wanaoambiwa wafagie chumba: inasukuma takataka chini ya kitanda na kusema tayari. Jina tu ndilo linapotea, na jina lenyewe halipotei lote, ni herufi ya kwanza. Kuna amri ya kufufua. Ukiiita, inakuja na orodha ya wote uliowafuta, kila mmoja amekatwa kichwa, na inakuuliza kwa adabu: herufi ya kwanza ilikuwa gani? Jumatano nilimfuta Mzee Okelo, kisha nikaiita ile amri nijaribu. Nikaipa O. Akarudi mzima, na nyimbo zake zote.

Akinyi ana cheti cha uhazili. Amri hiyo ataijua, na kama haijui ataikuta siku atakapofuta kitu kwa bahati mbaya, yaani siku ya kwanza.

Kuna jambo lingine baya zaidi. Programu yangu ya kuandikia ina tabia ya uvivu: ukibadilisha maneno, haiyaondoi ya zamani, inayaficha tu mwishoni mwa faili. Niligundua zamani nilipofungua faili moja kwa njia isiyo yake. Juu nikamwona marehemu mpya, na chini yake, katikati ya alama za ajabu ajabu, amelala Mzee Okelo. Nikafungua nyingine. Yumo. Nyingine. Yumo. Kila niliyemwandikia, nilimlaza juu yake.

Kwa hiyo sikuweza kumwachia hata mfano mmoja wa zile programu za mazishi. Zote zina mzee ndani.

Niliomba ushauri, kosa langu. Fundi wa redio hapa jirani alitaka kuipitishia sumaku ya spika, bure, kwa moyo safi, na ingebaki boksi la kuwekea sufuria. Nikafikiria kuisafisha yote na kuiwekea programu zake upya kutoka kwenye disketi. Disketi moja iliwahi kumwagikiwa chai. Bila hiyo, Mzee Okelo angekuwa amenunua taa ya kijani inayowaka.

Ikabidi nifanye kwa mkono. Kwanza nilikaa nikataipu mfano mpya kutoka mwanzo, kwenye faili isiyo na ukoo na yeyote. Nilijitahidi. Nikaandika "alikuwa mpenda watu", nikaandika "mchapakazi", nikaandika "pengo lake halitazibika". Nilipoisoma, ilikuwa kama chai ya majani yaliyokwisha kuchemshwa mara mbili. Lakini ilikuwa safi.

Halafu nikaisoma ile ya kweli mara ya mwisho.

Nakiri kwamba hapo mkono ulisita. Yule mwanamke hajawahi kumwambia mume wake hata neno moja kati ya yale, naweza kuapa. Nimewaona wakiwa pamoja. Humwambia sogea, kula, funga mlango. Na mimi nilikuwa naenda kufuta mahali pekee alipomwambia mengine. Lakini kitu ni cha mwenyewe. Akisema kitoke, kitoke.

Nikafuta. Nikafuta na wale wote waliolala juu yake, mhubiri, makanga, kila mtu.

Kisha nikaandika sentensi moja, "Hapa hakuna kitu", nikaiunganisha na nakala yake, zikawa mbili, nikaziunganisha tena zikawa nne, nikaendelea hivyo hadi ikawa faili kubwa la kutisha lisilosema lolote. Nikalinakili tena na tena hadi mashine yenyewe ikalia kwamba imeshiba. Maana maneno yaliyofichwa chini ya kitanda huondoka pale tu unapoweka kitu kingine mahali pake. Stima ikapotea katikati, nikangoja. Ikarudi, nikaanza mahali nilipoachia. Mwishowe nikayafuta na hayo, nikaita amri ya kufufua. Ikanipa orodha, nikachagua, nikaipa herufi. Ikaniletea ukurasa: Hapa hakuna kitu. Hapa hakuna kitu. Hapa hakuna kitu.

Disketi zangu, zenye nakala za faili zile zile, nikazikata kwa mkasi. Jana asubuhi nikapita sokoni, nikanunua omena nisiyoihitaji, nikamwambia Nyar Alego imekwisha. Akanipimia na kunijazia juu hadi ikamwagika. Alifunga macho kidogo tu, kama mtu aliyetua mzigo.

Leo basi nikaufuata mkokoteni kwa miguu hadi Lindi, nimeikumbatia skrini kama mtoto mchanga kwa sababu sikumwamini mwenye mkokoteni na mashimo yake. Akinyi alikuwa amefuta meza mpaka rangi ikatoka. Stima wanapewa na jirani kwa waya. Tukaunganisha, ikawaka, watu wa mlangoni wakaguna kwa heshima. Mzee Okelo akavaa miwani akainama kusoma ule mfano wangu. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Hii si ile," akasema.

Nikamwambia ile iliharibika pamoja na diski. Uongo mzuri, nilikuwa nimeupiga pasi njiani.

Akaniangalia juu ya miwani. Hakukasirika. Au labda alikasirika, mimi siishi naye.

"Sawa," akasema.

Akanipa chai. Tukaongea habari za mvua na za bei ya mafuta ya kupikia, na nilipoaga akanifungia mandazi ya njiani. Nilitoka nikala moja hapo hapo nje kwa sababu ya baridi. Nilipokunjua nichukue la pili, nikaona nimeshika karatasi nyeupe iliyotolewa nakala. Nikaigeuza. Nikasoma, kwa herufi za printa yangu mwenyewe, zile zenye mkia uliokatika: akikasirika alinyamaza, akifurahi alinyamaza.

Nikarudi ndani.

"Jaduong', hii karatasi."

"Ni nzuri," akasema. "Haitoi wino kama gazeti."

Ikawa ni hivi: ndugu yake, yule shemeji aliyechukua karatasi, alikuwa ametoa nakala katoni nzima. Alizificha nyumbani kwake, halafu Krismasi fulani, wakiwa wamekunywa, akamletea Mzee mwenyewe. Mzee Okelo alisoma akacheka hadi mguu ukauma, kisha akaisoma tena akiwa peke yake, na hakucheka. Hapo hakunieleza zaidi. Katoni iliwekwa nyuma ya gunia la unga. Magazeti yalipoisha wiki hii akaifungua, akaamua kuacha moja kwa ajili ya kumbukumbu na nyingine zifunge mandazi, kwani mkewe hushinda sokoni Kawangware na kioskini hakanyagi.

Nikamuuliza kama Nyar Alego anajua kwamba yeye anajua.

"Ataona haya," akasema. "Wacha tu akae hivyo."

Njia nzima nimekuwa nikijiuliza nimwambie au nisimwambie. Mwanamke amebeba kitu miaka yote hiyo, mimi nimemtua jana, na sasa nimwambie kwamba mzigo wenyewe ulikuwa mtupu? Yeye aliomba nifute. Nimefuta. Labda kazi yangu inaishia hapo. Labda uchovu huu ni wa kuwa mtu pekee anayejua pande zote mbili za nyumba ambayo si yake.

Ila sijakwambia yote. Nilipokuwa natoka mara ya pili niligeuka kuitazama mashine yangu, safi kama haijawahi kumjua mtu. Akinyi alikuwa ameegemeza karatasi moja ya mandazi kwenye skrini, na alikuwa ameshaanza kuitaipu upya.