Jaribio Langu Halikuwahi Kupita Mlangoni

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatano, maana kila nikimwangalia mwenzangu kazini roho inanisuta na chakula hakipiti.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa, naandika programu za kompyuta katika kampuni ndogo ya watu kumi na mmoja, na tuna tovuti moja tu ya maana, ile ambayo wagonjwa wa kisukari na presha wanaingia kwa namba ya simu na nenosiri, wanatumiwa namba ya uthibitisho kwa ujumbe, wakishaiandika akaunti inafunguka na wanachagua siku ya kwenda kuchukua dawa, sasa mwaka jana meneja alinipa kazi ya kutengeneza majaribio, yaani programu inayojifanya mgonjwa, kila asubuhi kabla hatujafika inafungua tovuti, inaingia, inachagua siku, inatoka, ikifaulu inaweka alama ya kijani kwenye skrini kubwa ya ukutani, ikikwama inaweka nyekundu.

Mshauri, ile namba ya uthibitisho ilinitoa jasho, programu haina simu mfukoni, nikahangaika siku tatu huku meneja akipita mezani kuuliza bado tu, bado tu, mwishowe nikafanya ujanja, nikaingia mwenyewe kwa mkono mara moja, nikaihifadhi ile ruhusa ya kuingia, nikaiwekea isiishe muda, nikaipa programu iwe inaitumia kila siku, kwa hiyo inakuta mlango umeshafunguliwa inapita tu, nikajiambia wiki ijayo nitarudi kuiweka sawa na wiki hiyo haikufika, ikawa kijani miezi minane mfululizo, nikasifiwa mpaka nikasahau kwamba sehemu yenyewe ya kuingia sijawahi kuijaribu.

Kuna dada anayepokea simu za wateja, tunamwita Mama Pole kwa sababu hakuna anayempigia asipewe pole kwanza, wiki sita zilizopita alianza kusema vikaoni kwamba watu hawawezi kuingia, wazee hasa, wanaandika namba waliyotumiwa wanakataliwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonyesha skrini mbele ya wote nikamwambia, "Dada, kijani hiyo hapo, wateja wako hawajui kuandika namba," watu wakacheka, meneja akamwambia ajifunze kuwaelekeza vizuri, malalamiko yakazidi, akapewa barua ya onyo, na Jumatano kuna kikao cha kuamua kama anabaki au anaondoka, na kikao hicho hicho ndicho kitakachonitangaza mimi kuwa mkuu wa kitengo.

Jumamosi mchana shangazi yangu alikuja kwangu, ana presha, vidonge vimebaki vya siku nne, akaomba nimsaidie kuchagua siku ya dawa, nikamwambia fanya mwenyewe nikuone, akaandika nenosiri, ujumbe ukaingia, akatoka kwenye tovuti kwenda kuusoma, akainakili namba kwenye karatasi, aliporudi ukurasa ukawa umejifungua upya na kutuma namba nyingine, ile aliyoshika ikakataliwa, akarudia mara nne mpaka akafungiwa, akaniambia, "Mwanangu, macho yangu mazima haya, nimeandika kile kile walichonitumia, au hawataki tuingie?" nikajua hapo hapo kwamba Mama Pole alikuwa anasema kweli siku zote na programu yangu haikuliona hilo kwa sababu haijawahi kusimama mlangoni kama shangazi.

Mume wangu anasema, "We rekebisha kimya kimya, Jumatano ipite, nani atajua?" na kweli naweza, ni kazi ya nusu siku, ila leo Jumatatu asubuhi Mama Pole aliniletea chai mezani akaniuliza taratibu kama namfahamu mtu yeyote anayetafuta mpokea simu, nikajitia hamnazo, nikamwambia nitamuulizia. Nifanye nini?

Ni mimi, Mwenye Skrini ya Kijani

*

Mwenye Skrini,

Nimekutumia jibu hili kwa barua pepe kwanza, kwa sababu Jumatano haimsubiri mhariri wangu. Hapa nalichapisha kwa faida ya wengine wenye skrini zao.

Kompyuta mimi najua kuiwasha na kuizima. Kwa hiyo barua yako nilimpa fundi wa kompyuta wa hapa ofisini, akaisoma amesimama, akaguna, akasema, "Hii karibu kila mmoja wetu amewahi kuifanya." Basi pumua. Ulibanwa, ukapita njia ya mkato, ukasahau kurudi. Hilo nakusamehe, na chai yako kunywa.

Nisilokusamehe upesi ni la kikaoni. Mtu anayeshinda na simu sikioni alikuambia anachokisikia, wewe ukamwonyesha ukuta. Hukumuuliza hata swali moja, hukuomba kumsikiliza mteja mmoja, ukachekesha watu kwa mgongo wake. Kilichokuja kukuzindua ni shangazi yako mwenyewe. Wale wengine waliofungiwa nje nao ni mashangazi wa watu.

Mumeo anakupenda na amekushauri kama mtu anayekupenda, lakini amekushauri vibaya. Hebu fikiri. Mama Pole ataondoka Jumatano, malalamiko yatakoma wiki hiyo hiyo kwa sababu umerekebisha kimya kimya, na ofisi nzima itasema, mmeona, tatizo lilikuwa yeye. Utakaa kwenye kiti cha ukuu wa kitengo ukiitikia kwa kichwa. Unaweza hilo? Barua yako inaniambia huwezi, na nimefurahi kuisoma.

Sasa sikiliza. Usisubiri kikao. Kesho asubuhi nenda kwa meneja kabla hajafungua kompyuta yake, na usimwanzie na "kulikuwa na changamoto kidogo". Mwambie: jaribio nililotengeneza halikuwahi kujaribu kuingia, Mama Pole alikuwa sahihi, mimi nilikosea na nikamwaibisha. Mwombe barua ya onyo ifutwe. Halafu Jumatano uyarudie maneno hayo hayo mbele ya waliocheka, kwa sababu uliyemwaibisha mbele za watu humwombi radhi kwenye korido.

Cheo kinaweza kukupita. Kikikupita kitauma, utalia kidogo, utapona. Fundi wangu anasema yeye akiwa meneja angempa kitengo yule anayekuja mwenyewe kusema jaribio langu bovu, lakini yeye si meneja wako, kwa hiyo sikuahidi kitu.

Ukitoka kwa meneja, nenda kwa Mama Pole. Kaa kwenye kiti cha pembeni yake, usikilize simu tano bila kufungua mdomo. Mkimaliza, andikeni jaribio jipya pamoja, yeye akisema watu wanavyofanya, wewe ukiandika. Kila asubuhi awepo mgonjwa mpya asiye na ruhusa yoyote iliyohifadhiwa, na pawepo namba ya simu ya majaribio inayopokea ujumbe kweli. Atoke kwenye ukurasa kwenda kuusoma, achelewe kama wanavyochelewa watu wenye miwani, arudi, aandike. Fundi amenisisitiza pia jaribio liandike nenosiri la uongo na lihakikishe linakataliwa, maana tovuti ikimpitisha hata aliyekosea, jaribio nalo litaonyesha kijani. Na yule shangazi mpigie leo hii, mpigie na zahanati yake umpangie siku ya dawa wewe mwenyewe, umwambie kosa halikuwa lake. Vidonge vya siku nne havikusubiri umalize kujilaumu.

La mwisho, na hili ulifanye kwa mpangilio huu huu. Usiguse ukurasa wenye hitilafu kabla jaribio jipya halijaendeshwa hata mara moja. Litakwama, na skrini yenu itawaka nyekundu kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Usikimbilie kuizima. Mwite Mama Pole na mwite meneja, wasimame waitazame. Wiki sita dada huyo amesema peke yake. Siku hiyo mashine yenu itakuwa imesema pamoja naye. Kisha keti umrekebishie mlango, yeye akiwa kwenye kiti cha jirani.