Mama wa Kwenye Karatasi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kijikaratasi changu cha meno kimechapishwa! Hatimaye!

Nimegombana na bosi wangu Wandera mwezi mzima. Yeye alitaka tuandike "utando wa bakteria". Nikamuuliza, mama anayesuka vikapu soko la Lodwar atajulia wapi utando? Nikashinda: "uchafu unaonata kwenye meno." Sentensi fupi fupi. Picha mbili kubwa — mama mwenye meno yote, tiki. Mama mwenye pengo la chini mbele na shavu limevimba, X. Wandera anasema sasa hata mbuzi ataelewa.

Nimejinunulia soda.

Jumanne, 10 Juni

Soda imenitokea puani.

Mama Nangiro, msuka vikapu pale sokoni, ana shavu limefura kama andazi. Jino la nyuma limeoza, usaha umejaa. Nikampa kijikaratasi, nikamwambia aje kliniki leo leo. Akatazama picha, akatazama tena. Akakirudisha. "Mimi si mgonjwa hivi," akasema, akanigeuzia mgongo.

Usaha ukishuka shingoni, tutamzika mtu kwa sababu ya jino! Nimemwomba, wapi. Sielewi nimekosea nini.

Alhamisi, 12 Juni

Kakuma. Nimegawa vijikaratasi kambi ya wakimbizi na Lual, kijana Mdinka anayehamasisha watu kuhusu afya. Kina mama wakaanza kunong'onezana, kisha vicheko.

Lual akanivuta kando. Daktari, akaniambia, huyu uliyemwekea X ni mama yangu. Akacheka mdomo wazi — na yeye meno ya chini ya mbele hana! Kwao yanang'olewa utotoni, mtu apendeze. Huyu wa tiki, akasema, ni mtu ambaye watu wake walimsahau.

Wueh! Na Waturkana je? Mama Nangiro je? Nao hung'oa yale mawili ya chini, na yeye hana! Nimemwambia mama wa watu kwamba urembo wake ni ugonjwa!

Na mimi Mkipsigis mzima! Kogo, nyanya yangu mwenyewe, alikuwa na pengo hilo hilo, na alitafuna mahindi ya kuchoma kutushinda wajukuu wote. Nimeona aibu mpaka nikacheka.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemweleza Wandera. Akacheka hadi machozi. Kisha akakumbuka maboksi ya vijikaratasi yamejaa stoo.

Jumamosi, 14 Juni

Sokoni asubuhi. Shavu limezidi. Nikamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok, mama." Akaendelea kusuka. Nikachuchumaa kando ya vikapu: mama, nisamehe, karatasi ndiyo mgonjwa. Pengo lako zuri, liache. Mimi nataka lile la nyuma tu, linalokunyima usingizi.

Akaniangalia. "Fungua mdomo."

Nikafungua! Katikati ya soko! Akainama, akachungulia meno yangu ya chini, yote yamejipanga.

"Pole," akasema. Kwa huruma kabisa! "Hukuwa na mtu wa kukutoa haya mawili?"

Wasuka vikapu wote wakaangua kicheko. Naye akacheka, akashika shavu, akalia "ai!" Jumatatu atakuja, akasema. Labda.

Jumatatu, 16 Juni

Amekuja!!

Naandika hapa hapa kliniki. Sindano ya ganzi imeingia, tunangoja ishike. Mama Nangiro yuko kwenye kiti, shanga zimemjaa shingoni, anagonga mdomo kwa kidole kuona kama umelala. Koleo nimelifunika kwa kitambaa. Anajua liko pale. Haliangalii, lakini mguu wake unatikisika.

Amekiona kijikaratasi mezani, amekichukua. Anamtazama mama wa tiki. Mdomo umeshakuwa mzito, maneno yanateleza, lakini nimeelewa: huyu mtoto wa watu, nani alimwacha hivi?

Mguu umetulia. Ananyoosha mkono — anataka kalamu yangu! Ati amtoe huyu wa tiki yale mawili ya chini kwanza, yeye mwenyewe, halafu ndio zamu yake.

Haya mama, shika ka—